Wasomaji Wanauliza: Vauban, Kabaila Asiye na Mali

SWALI: Katika Ufaransa ya karne ya 17 vyeo vya jeshi vilinunuliwa. Vauban, mhandisi wa ngome na mazingiwa, wa ukoo mdogo usio na mali, alifikaje kuwa Marshali, cheo cha juu kabisa cha jeshi?

JIBU: Kilichouzwa hasa ni unahodha wa kombania na ukanali wa rejimenti. Umeja na uluteni kanali havikuuzwa, na ujenerali ulitolewa na mfalme mwenyewe. Vauban, aliyezaliwa 1633, alipitia uhandisi. Mwaka 1651 alijiunga na waasi wa mwanamfalme Condé; akakamatwa 1653, na Mazarin, waziri mkuu wa mfalme, akamvuta upande wa mfalme. Mwaka 1655 akawa mhandisi wa mfalme, kazi ya koleo, hesabu na vifo vingi. Miji aliyoiteka ndiyo iliyompandisha: msimamizi mkuu wa ngome 1678, luteni jenerali 1688, Marshali 1703. Kwa bahati mbaya, cheo hicho kilimfungia kazi, maana Marshali hakuweza kutumwa kama mhandisi chini ya jemadari aliye mdogo kwake. Alijitolea kwenda kuuzingira mji wa Turin, Italia, 1706, akakataliwa; mazingiwa yale yakashindwa vibaya.

SWALI: Mahandaki yake ya kuzingira miji yalikuwa na jambo gani jipya?

JIBU: Kabla yake, handaki jembamba lilisogezwa kuelekea ukutani likiwa na askari wachache mbele. Walinzi wa mji walitoka ghafla, wakawaua wachimbaji na kulifukia, kwa sababu wenzao wa nyuma hawakuwa na nafasi ya kujipanga. Mwaka 1673, pale Maastricht, mji wa Uholanzi, Vauban alichimba mahandaki mapana yanayokwenda sambamba na ukuta: la kwanza kama mita 600 kutoka ngomeni, la pili kama 300, la tatu chini ya mteremko wa udongo ulio mbele ya boma. Humo vikosi vizima vilikaa tayari. Mji ulisalimu amri baada ya takriban wiki mbili.

Njia za kuunganisha mahandaki hayo huenda zigizagi, na hapa ndipo wengi walipoharibu. Kila kipande kielekezwe nje kabisa ya ngome. Mstari wake ukiangukia kwenye boma lolote la adui, tufe moja la mzinga hulifagia handaki lote kwa urefu. Karibu na ukuta, mchimbaji husukuma tenga mbele yake, hulijaza udongo, ndipo asogee. Mizinga nayo, tangu mazingiwa ya Philippsburg, Ujerumani, 1688, alipunguza baruti yake: tufe hupita juu kidogo ya ukingo, kisha hudunda-dunda nyuma ya ukuta likivunja magurudumu ya mizinga ya walinzi.