Sauti ya bomba: acha wimbi tupu, zungusha foleni

Ukiandika programu ya kompyuta inayoiga kinanda cha mabomba, nacho kikalia kama king'ora, ni kwa sababu umetumia wimbi moja tupu. Jaribu foleni ya namba inayojizungusha (namba inayotoka mbele inasikika, kisha inarudi nyuma ya foleni), kama hewa inavyokwenda na kurudi ndani ya bomba. Kwa sampuli (namba za sauti) 44,100 kwa sekunde, Do ya 65.4 Hz, yaani mitetemo 65.4 kwa sekunde, inataka foleni ya namba takriban 674 (44,100 ukigawanya kwa 65.4). Ichochee kwa kelele kidogo ya upepo, na kila mzunguko upite kwenye chujio linalofifisha sauti za juu.

Bomba lililozibwa upande mmoja ni tamu zaidi: foleni nusu, 337, ukigeuza alama ya kila namba (jumlisha iwe kutoa, kutoa iwe jumlisha) kila mzunguko. Noti ileile, ila zinabaki harmoniki (sauti za juu zinazoandamana na noti) za namba witiri tu, ndiyo maana husikika kama chupa inayopulizwa.