Teriyaki inayoganda, teriyaki inayoungua

*Assalamu alaikum. Natengeneza sosi ya teriyaki kwa sosi ya soya, maji na sukari. Mirin, ile pombe tamu ya mchele ya Kijapani ya kupikia, siitumii kwa kuwa ina kileo. Ikiwa motoni huwa nyepesi, basi naiacha ichemke hadi iwe nzito. Ikipoa inavutika kama gubiti, na chumvi haisemeki. Nakosea wapi? – Msomaji, Mombasa*

Waalaikum salaam. Unachelewa kuepua. Sosi yenye sukari nyingi huwa nyepesi ikiwa ya moto na huzidi kuwa nzito kadiri inavyopoa. Ukiiona nzito sufuriani, ujue imeshapita. Chumvi nayo haipandi na mvuke. Sosi ya soya ya kawaida ya Kijapani ina chumvi kiasi cha asilimia 16 tangu ikiwa chupani, kwa hiyo kila maji yanavyokauka, ukali unaongezeka.

Chukua sosi ya soya mililita 120, maji mililita 120, sukari vijiko 5 vya chakula na vipande 3 vyembamba vya tangawizi. Koroga sukari iyeyuke kabla haijachemka, kisha punguza moto itokote bila kifuniko. Usitumie soya nyeusi nzito ya Kichina. Rangi yake itakudanganya udhani sosi imeiva. Tazama mapovu: mwanzoni ni madogo ya maji maji, baadaye yanakuwa makubwa, yanang'aa na kupasuka polepole. Hapo dondosha tone kwenye kisahani kilichotoka kwenye friza, upitishe kidole. Mfereji ukibaki wazi, epua. Utapata kama mililita 150. Mwisho tia siki ya mchele kijiko 1 cha chai, maana bila mirin utamu huwa umelala.

Iliyokwisha kuganda usiimwage. Ipashe kwa moto mdogo ukiongeza maji ya moto kijiko kimoja kimoja. Ugumu utalegea na chumvi itapungua.

Kuhusu kileo: mirin halisi ina kiasi cha asilimia 14, na kuchemsha hakukiondoi chote. Lakini hata sosi ya soya iliyochachushwa kiasili huwa na kileo kidogo kinachotokana na uchachu wenyewe. Kama unajiepusha kabisa, tafuta chupa yenye alama ya halali.

*Nikichoma kuku wa teriyaki kwenye mkaa anakuwa mweusi nje na mbichi ndani, ingawa namlaza kwenye sosi usiku kucha. – Msomaji, Morogoro*

Tatizo ni huko kumlaza. Sukari huungua mapema sana kuliko nyama kuiva, na jiko la mkaa halina huruma. Kwa Kijapani *teri* ni mng'ao na *yaki* ni kuchoma au kukaanga: sosi ni ya kupakwa mwishoni ili nyama ing'ae.

Tumia paja lililotolewa mfupa. Lipanguse likauke, lichome bila sosi, ngozi ikianza kutazama moto, hadi liwe karibu kuiva. Kisha sogeza mkaa pembeni, paka sosi kidogo kwa brashi, geuza, paka tena. Mara tatu ndani ya dakika 4 zinatosha. Sosi iliyogusana na kuku mbichi ichemshwe upya kabla ya kuliwa, au imwagwe.

*Naweza kuifanya nzito kwa unga? Na inakaa siku ngapi? – Msomaji, Arusha*

Unaweza, kwa wanga wa mahindi, si sembe. Kijiko 1 cha chai, ukoroge kwanza kwa maji baridi kijiko 1 cha chakula, umimine sosi ikichemka na kukoroga dakika moja. Ukiutia mkavu utapata madonge. Sisi hatuupendelei: unatia ukungu kwenye mng'ao, na baada ya siku 3 au 4 kwenye friji sosi huanza kutoa maji. Isiyo na wanga hukaa humo wiki 2 kwenye chupa safi. Toa tangawizi kwanza.