Maswali ya majina: Obonyo, Oyoo, Toroitich na wavulana wanaosubiriwa

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wazazi wanaotarajia wavulana au waliojaliwa majuzi. Wengi wanatafuta jina ambalo halijajaa mtaani, ila lenye mizizi nyumbani. Asanteni kwa kuniamini na jambo zito namna hii.

Mimi ni Mjaluo wa Ugenya, mke wangu ni Mbukusu wa Kimilili, tunaishi Nakuru. Mwezi ujao tunatarajia mvulana. Baba mkwe anataka aitwe Wasike. Baba yangu anataka Obonyo, jina la babu yake. Wazee hawa wanaheshimiana sana, lakini hapa hakuna anayelegeza. Tena rafiki zangu wanasema hawajawahi kusikia mtoto mchanga anayeitwa Obonyo, na kwamba ni jina la mkosi. Tufanyeje? (Baba mtarajiwa, Nakuru)

Baba mtarajiwa, waketishe wazee hao pamoja, chai ikiwa mezani, kisha umwombe kila mmoja afasiri jina lake kwa Kiswahili. Wote wawili watatamka neno moja: nzige.

Kwa Kijaluo nzige ni bonyo. Mvulana aliyezaliwa nzige wakiwa mashambani aliitwa Obonyo, na msichana Abonyo. Wabukusu nao walifanya vivyo hivyo: Wasike kwa mvulana, Nasike kwa msichana. Lugha hizi hazina undugu, moja ni ya Kiniloti na nyingine ya Kibantu, lakini wingu la nzige halikuuliza mpaka wa lugha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wadudu hao waliharibu mimea sehemu nyingi za Kenya. Mama aliyejifungua wakati huo alimpa mtoto jina la kile kilichokuwa kikisikika nje, mabawa na meno juu ya mtama. Ndiyo maana sioni mkosi hapo. Jina halikumwombea mtoto njaa. Lilieleza kwamba alizaliwa mwaka mgumu, na akaishi.

Rafiki zako lakini wamegusa jambo linaloniuma. Obonyo si jina adimu. Fungua orodha ya walimu wa shule yoyote Siaya utawakuta. Ni adimu kwenye wodi ya uzazi. Nimewauliza wakunga watatu ninaowafahamu, wawili wa Kisumu na mmoja wa Busia, na hakuna anayekumbuka kumwandika mtoto mchanga Obonyo kama jina lake mwenyewe. Sababu ni kwamba serikali ya kikoloni, shule na kanisa walitaka kila mtu awe na jina la nyumba lisilobadilika. Jina la babu likaganda mwishoni, wajukuu wakawa Kevin Obonyo, Brian Obonyo, Faith Obonyo, hata msichana ambaye kwa haki angekuwa Abonyo. Jina lililokuwa likizaliwa pamoja na mtoto likawa la kurithiwa, kama shamba. Likishafika hapo, mzazi hafikirii tena kulitoa upya, kwa sababu masikioni mwake ni jina la mzee fulani tayari. Nzige walirudi Kenya mwishoni mwa 2019, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, likasema nchi haikuwa imeona uvamizi wa namna hiyo kwa miaka 70. Walikula malisho Samburu, Isiolo na Marsabit. Wakunga wangu hawakuletewa Obonyo hata mmoja.

Kwa hiyo mwandikeni. Mimi ningeweka yote mawili kwenye cheti, Obonyo na Wasike. Akienda Ugenya ataitwa Obonyo, akienda Kimilili ataitwa Wasike, na kote ataitika jina lile lile.

Nilishikwa na uchungu usiku tukitoka Awasi. Tulipokaribia Ahero dereva wa probox akasimama kando ya barabara, na mwanangu akazaliwa hapo, mama mmoja muuza nyanya akinishika mkono. Nataka aitwe Oyoo. Mawifi zangu wanasema watoto watamcheka kwamba alizaliwa barabarani. (Mama Oyoo, Kisumu)

Mama Oyoo, nimekuita hivyo kwa kusudi. Yo ni njia, na Oyoo ni aliyezaliwa njiani. Hakuna jina linalomstahili mwanao zaidi ya hilo, kwa maana wewe una ushahidi wote: gari, taa za barabara, mkono wa yule mama wa nyanya. Majirani zetu nao wanalo. Kwa Wakalenjin Kipruto ni aliyezaliwa safarini. Kwa Wabukusu Wangila ni wa njiani vilevile. Waambie mawifi zako habari za Robert Wangila, aliyeshinda dhahabu ya ndondi kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Hadi leo ndiye bondia pekee wa Kenya mwenye dhahabu ya Olimpiki. Sijasikia aliyemcheka.

Na ukiweza, mtafute yule mama wa nyanya, umpelekee mtoto amwone.

Je, naweza kumwita mwanangu Kipchoge ingawa hakuzaliwa karibu na ghala? Na mkwe wangu wa Baringo anapendekeza Toroitich. Jina hili lina maana gani? (Mama wa kwanza, Molo)

Toroitich kwanza, kwa sababu ndilo adimu zaidi na ndilo ninalolipenda. Maana yake ni kama kusema "wapokee ng'ombe", yaani wapokee wakirudi nyumbani. Watu wengi walilisikia kwa mtu mmoja tu, Daniel Toroitich arap Moi, rais wa pili wa Kenya, aliyezaliwa 1924 huko Sacho, Baringo. Hapo utaona utaratibu wa Wakalenjin ulivyokuwa. Toroitich lilikuwa lake mwenyewe, na arap Moi lilimtaja kuwa mwana wa Kimoi. Kijana aliyetahiriwa alichukua jina la babake, lile Kip au Ki la mbele likadondoka. Zamani arap Ruto alikuwa mtoto wa Kipruto, basi. Leo Ruto, Koech, Rop na Moi yanashuka kizazi hadi kizazi bila kugeuka. Moi mnao wengi. Toroitich ni wachache, na ukimwongeza mmoja nitafurahi.

Kipchoge ni wa ghalani, ndiyo, na kwa Kijaluo mwenzake ni Odero, kwa maana dero ni ghala. Wewe mama wa kwanza huenda hujaliona ghala la zamani. Kwa bibi yangu lilikuwa kapu kubwa la fito zilizosukwa, limesimama juu ya mawe ili mchwa wasifike, na paa la nyasi kama kofia. Ukitaka mtama unaliinua paa upande mmoja kwa kichwa na bega, unachota, unaliachia. Sisi watoto tulilala kivulini mwake mchana. Ninaeleza haya kwa sababu sasa mahindi yanakaa kwenye magunia ndani ya nyumba, na mtoto akiuliza jina lake utahitaji kumwonyesha kitu.

Lakini swali lako ni kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa. Kipchoge Keino alishinda mita 1500 Mexico mwaka 1968, na Oktoba 2019 Eliud Kipchoge akakimbia marathoni Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Tangu hapo jina lina maana ya pili, na mzazi anayemwita mwanawe hivyo anataja mtu, hataji mahali. Ni desturi ya zamani kwetu sote kumpa mtoto jina la mtu tunayemheshimu. Ila siku ile mwanao alipozaliwa nayo ina jina lake. Kama ilikuwa mvua, yeye ni Kiprop. Kama ilikuwa kabla ya mapambazuko, ni Kipkorir. Mpe na hilo pia, lisipotee.

Mapacha wawili wa kiume, mimi wa Bungoma, mume wa Homa Bay. Tuwaite nani? (Mama mapacha)

Hongera mara mbili! Kwa upande wa mume, pacha wa kwanza kutoka ni Opiyo, wa pili Odongo. Kwenu ni Mukhwana na Mulongo. Chagueni upande mmoja kwa wote wawili, msiwagawe. Atakayewafuata kwa Wajaluo ni Okello, akija.

Mjukuu wangu ana wiki tatu, analia kila usiku tangu aitwe jina la mjomba wa mamake. Mimi nasema kuna mzee wetu anayetaka kurudi. Binti yangu anasema ni mambo ya kale. (Nyanya, Siaya)

Nyanya, shikamoo. Jina unalolisema, nying juogi, yaani jina la roho ya marehemu, wengi wetu tumelipata kwa njia hiyo: marehemu anaonekana ndotoni, au mtoto analia hadi jina sahihi litajwe. Kwa Wanandi na Wakipsigis kina mama hutaja majina ya wahenga mmoja mmoja, ugoro kidogo puani mwa mtoto, na anapopiga chafya ndipo wanajua nani amekuja. Sitayaita mambo ya kale. Familia inayokaa chini kuwataja marehemu wake kwa majina inatunza kitu kikubwa.

Lakini mpelekeni kliniki kwanza, kesho asubuhi. Mtoto wa wiki tatu akilia hivyo huenda ni tumbo, sikio au homa, na akiwa na joto au akikataa kunyonya msingoje asubuhi. Akishapimwa na kuonekana mzima, keti na binti yako umwambie mzee huyo alikuwa nani. Huenda hajawahi kusimuliwa.

Mwanangu alizaliwa Kisumu Novemba 2008 na tulimwita Barack Obama. Sasa yuko sekondari na anasema anataka jina lisilo la mtu mwingine. Ameniumiza. (Baba Obama, Kisumu)

Usiumie, baba. Wiki ile hospitali za Kisumu zilijaa akina Barack na akina Michelle, na furaha yenu ilikuwa ya kweli. Jina Barack nalo si geni kwetu, linatoka kwenye mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa baraka. Mwambie hilo. Kisha mwambie habari za Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, aliyeyaacha majina yake ya ubatizo, Obadiah na Adonijah, na aliyepingwa na kanisa alipotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Raila, aliyezaliwa Maseno mwaka 1945, alikuwa mmoja wa watoto hao. Nani leo hajui jina hilo?

Halafu muulize mamake alizaliwa saa ngapi. Kama ni alfajiri, tayari ni Omondi. Kama ni usiku, ni Otieno. Hilo ni lake, na hana haja ya kulibadilisha popote ili alitumie.

Karani ameacha herufi kwenye cheti. Tuna muda gani kurekebisha? (Baba mchanga, Kakamega)

Kosa la karani liripotiwe mara moja, ukiwa na karatasi ya arifa uliyopewa hospitalini. Na kama ni jina lenyewe mnataka kulibadilisha au kuliongeza, sheria ya usajili wa vizazi na vifo inampa mzazi miaka 2 tangu siku ya kusajili. Mkichelewa zaidi itabidi mpite njia ndefu ya hati ya kubadilisha jina.

Mtoto wa dada yangu ni Okong'o, aliyezaliwa siku ya pombe ya harusi, kwa maana kong'o ni pombe. Ofisi moja iliandika Okongo bila ile alama ndogo juu, na hatukuona hadi alipoanza shule na mwalimu akamwita kama jina la nchi. Mtoto hakuitika, kwa sababu hakujua ni yeye. Isome karatasi herufi kwa herufi, ukiwa bado umesimama dirishani pa karani.