Pevingi zinazama, mnalaumu pevingi

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya wafanyabiashara wa mtaa mmoja wa maduka hapa Temeke, Dar es Salaam. Barabara yetu ya mita 900 inaboreshwa: njia za waenda kwa miguu pande zote mbili, mitaro yenye mifuniko, taa na miti. Kipande cha kwanza cha mita 400 kilikamilika Januari. Baada ya masika pevingi, yaani matofali ya zege yaliyotandikwa njiani, zimezama sehemu nyingi, nyingine zinacheza ukizikanyaga na maji machafu yanakurukia hadi magotini. Mkandarasi anasema pevingi za mm 60 ni nyembamba, kwa hiyo kipande kilichobaki ziwekwe za mm 80 na bei iongezwe. Hizi za mwanzo atazimwagia uji wa saruji kwenye viungo ili zishikane. Msimamizi anasema pevingi zilifaulu maabara. Mjumbe mwenzetu naye kamleta mtu mwenye dawa ya kugandisha udongo. Tumealikwa kushiriki ukaguzi kabla ya makabidhiano. Tukubali mm 80?

JIBU: Ndugu Katibu, hizo mm 80 tutazifikia. Kwanza nitoe la moyoni, maana barua yako ni ya nne ya namna hii tangu mvua zikatike, na zote nne zinamshtaki mshtakiwa yule yule.

Pevingi haizami yenyewe. Kinachozama ni kilicho chini yake, nayo inakifuata. Tandika mkeka mpya juu ya kitanda cha kamba kilicholegea, ulale. Asubuhi mgongo ukikuuma, utakwenda kumgombeza aliyesuka ukili? Hapo mtaani kwenu kamba zimelegea, na mkandarasi anataka kuwauzia mkeka mnene zaidi. Msimamizi naye anawaonyesha cheti cha mkeka. Cheti hicho kinasema pevingi ikibanwa na mashine ya maabara haivunjiki upesi, na mimi nakiamini. Hakisemi lolote kuhusu kifusi kilichomwagwa chini yake siku ya mwisho wa mwezi, watu wanakimbizana na hati ya malipo.

Kuzama kuna mwandiko wake. Nenda mtaani alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa, usome umbo la mabonde kabla ya kusikiliza maelezo ya mtu yeyote. Zikizama kwa mstari mwembamba ulionyooka, pale palichimbwa mtaro wa bomba au waya ukafukiwa kwa koleo na kukanyagwa kwa viatu. Zikizama kwa kufuata ukingo wa barabara, mchanga unavuja: mawe ya kingo yameachiana, au yalikalishwa juu ya mchanga bila zege la kuyaegemeza mgongoni, na kila mvua inachota kidogo kupeleka mtaroni. Duara kuzunguka chemba na nguzo za taa ni mahali rola haifiki, palipohitaji kompakta ndogo, mashine ya kushindilia kwa kutetemesha, ambayo siku hiyo haikuwepo. Mabonde mawili sambamba mbele ya duka la vifaa vya ujenzi ni magurudumu ya lori la Fuso linaloshusha mifuko. Ukikuta bonde pana lisilo na umbo, maji yamesimama, inua macho: mara nyingi utaona bomba la paa la jirani linamwaga hapo hapo.

Ukishasoma, fungueni. Chagueni sehemu tatu mbovu na moja iliyo nzima, mng'oe mita moja ya mraba kila mahali, msimamizi na mkandarasi wakiwepo. Mkandarasi atalalamika kwamba mnaharibu kazi. Msimjali. Pevingi hung'olewa na kurudishwa siku hiyo hiyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzichagua badala ya zege. Pimeni mchanga kwa rula. Unatakiwa uwe kama sm 3. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji mmoja wa mkoani, nilifungua njia ya mbele ya soko nikakuta sm 11, na chini ya mchanga huo kifusi chenye vipande vya vigae na chupa ya maji ya kunywa, kifuniko chake kikiwa bado kimefungwa. Juu palikuwa pamenyooka, pazuri kweli kweli. Picha zake zilikuwa kwenye kalenda ya mwaka.

Mchanga unafikaje sm 11? Tabaka la chini limeachwa na milima na mabonde, kisha mafundi wa pevingi wanavuta uzi wao. Wakikuta bonde wanaongeza mchanga hadi uzi uridhike. Wao wanalipwa kwa mita za mraba na wamefanya walichotumwa. Lakini mchanga mnene ukilowa na kukanyagwa unahama, na hauhami sawasawa: penye sm 3 panatulia, penye sm 11 panashuka, na katikati yake pevingi inabaki inacheza kama jino la mtoto. Mteremko na usawa wa njia hupatikana kwenye tabaka la moramu (udongo wa changarawe) au kokoto. Mchanga ni wa kulalia tu. Tena uwe mchanga safi wa mto wenye chenga nene. Ule mlaini wa pwani unaondoka na maji.

Tabaka lenyewe hujazwa kidogo kidogo, kama sm 15 kwa mara moja, linaloweshwa kwa kiasi na kushindiliwa kabla la pili halijaja. Kisha linapimwa. Kipimo chenyewe si uganga: wanachimba kishimo, wanapima uzito wa udongo uliotoka, wanakijaza mchanga maalumu ili wajue ujazo wake, halafu wanalinganisha msongamano wake na ule wa juu kabisa uliopatikana maabara. Mikataba mingi hudai asilimia 95 au zaidi, kutegemea tabaka. Muulizeni msimamizi karatasi za vipimo hivyo kwa mita zenu 400, zikionyesha tarehe na mahali. Akileta tena cheti cha pevingi, mtakuwa mmeshapata jibu.

Huo uji wa saruji sasa. Hapa huwa napoteza subira, kwa sababu kila mwaka kuna mtu anaugundua upya. Pevingi hushikana kwa mchanga mkavu, mlaini, uliofagiliwa kwenye viungo vya mm 2 hadi 5 na kutetemeshwa kwa kompakta mpaka ujae. Uzito ukikanyaga moja, mchanga huo unaugawa kwa jirani zake. Ukimwaga saruji, umezigeuza kuwa zege bovu la vipande vipande juu ya kitanda kile kile kinachozama. Litapasuka kwenye viungo, maji yataingia kwenye nyufa na hayatapata pa kutokea kirahisi. Halafu watu wa maji wakija kurekebisha bomba, hawatang'oa pevingi. Watazivunja kwa nyundo. Jambo moja tu mkandarasi amelikaribia bila kujua: mvua za kwanza huondoa mchanga wa viungo, na unatakiwa kujazwa tena. Hiyo ni kazi yake ndani ya kipindi cha uangalizi, ule muda baada ya kazi kukamilika ambao anawajibika kurekebisha kasoro, kwa gharama yake, kwa mfagio.

Na mm 80? Kwa miguu ya watu, mm 60 zinatosha kabisa. Za mm 80 huwekwa mahali gari linapita: vivuko vya kuingilia maduka na mageti, na sehemu za kushushia mizigo. Hapo zinapangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki ili gurudumu lisizisukume, juu ya tabaka nene zaidi. Kama mchoro wenu haukuonyesha vivuko hivyo, dai la mkandarasi lina chembe ya haki kwa mita hizo chache. Kuziweka mita 500 nzima juu ya kifusi kile kile ni kulipa zaidi ili mzame na mzigo mzito. Kama tatizo ni malori kupanda njia ya miguu, wekeni nguzo fupi za kuzuia gari na mkubaliane saa na mahali pa kushushia. Luthuli Avenue, Nairobi, mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki, ulibadilishwa mwaka 2019 ukawa wa magari kwenda upande mmoja ili njia za miguu zipanuliwe na miti ipandwe. Mtu wa miguu kapata nafasi kwa sababu gari limeambiwa lipite wapi. Ninyi mkiliacha lijiamulie, litaegesha kwenye pevingi, za mm 60 au 80.

Mwenye dawa mwambieni alete majibu ya maabara ya udongo wenu, si video ya barabara ya mahali pengine. Udongo kutiwa chokaa au saruji ni fani ya siku nyingi na inafanya kazi, ila kiasi hutoka kwenye vipimo, na kabla ya hapo mtu kajua udongo ni wa mchanga au mfinyanzi. Anayekuja na galoni moja ya dawa ya kutibu udongo wa aina zote, pamoja na bei ya "leo tu", mpeni maji ya kunywa aende zake.

Niwageukie na wengine, maana Temeke hamko peke yenu. Nimeona kamati, madiwani, hata wahandisi wenzangu, wakisimamia mradi wa namna hii kana kwamba wananunua zulia. Wanabishana miezi miwili kuhusu rangi nyekundu au kijivu. Siku mtaro wa bomba unafukiwa, hakuna hata mmoja. Wanaitwa siku ya kukata utepe, wanagonga pevingi kwa kisigino, wanatingisha kichwa. Karibu kila kinachoamua kama njia itadumu kimefunikwa kabla hawajafika: mtaro ulifukiwaje, kingo zimekaa juu ya nini, maji yanatokea wapi. Katika jiji lenye bonde la Jangwani, linalojulikana kwa mafuriko, sikutegemea kumkumbusha mtu habari za maji, lakini bado nakagua mitaro mipya yenye mifuniko mizuri ambayo mwisho wake ni ukuta wa jirani. Mifuniko yenyewe mizito kiasi kwamba watu wanne hawaiinui, kwa hiyo haitasafishwa kamwe.

Msimamizi anayejua kazi ana siku zake ambazo hakosi: kila mtaro unapofukiwa, tabaka linapopimwa, kingo zinapopandwa, na kabla ya mchanga wa kwanza kumwagwa. Kabla ya yote anawaita mezani watu wa maji, umeme na mkongo wa intaneti, na analaza mabomba matupu ya kukatisha barabara kila mahali penye uwezekano wa waya kupita baadaye. Mabomba hayo ni bei ndogo. Bila hayo, mwezi wa tatu baada ya uzinduzi atakuja mtu na sururu. Akija, aonyeshe kibali cha mwenye barabara. Kwa mitaa mingi ya mijini huyo ni TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017. Barabara kuu na za mikoa ziko kwa TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Na kibali kiseme atafukia kwa matabaka, atapimwa.

Nikiwa hapo hapo kwenye kero zangu: zile pevingi za njano zenye vinundu na mistari si mapambo. Zilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na za kwanza ziliwekwa Okayama mwaka 1967, ili asiyeona asome njia kwa fimbo na nyayo. Mistari inamwambia endelea, vinundu vinamwambia simama. Nimekuta mahali mistari inamwongoza mtu moja kwa moja kwenye nguzo ya taa, fundi akasema alikuwa "analinganisha muundo". Tembeeni juu ya zenu mmefumba macho, mwenzenu akiwashika mkono.

Kwenu basi. Kipande cha mita 500 kisimame hadi mita 400 zifunguliwe. Msiweke sahihi ya makabidhiano, na waombeni wenye mkataba wasiachie fedha zilizozuiwa, ile sehemu ya malipo ya mkandarasi iliyoshikiliwa, kabla kasoro hazijarekebishwa kuanzia chini. Mkandarasi atawaambia muda unapotea, na vuli iko njiani. Vuli ije tu. Itawasaidia kukagua bure.

Jumamosi nendeni na rula, mtaimbo, ndoo mbili za maji na simu yenye chaji. Mimineni maji karibu na milango ya maduka mtazame yanaelekea wapi; yakirudi dukani, hilo nalo liandikwe. Mkishang'oa pevingi mkakuta mchanga umezidi vidole vitatu vilivyolazwa, msinipigie mimi. Mwandikieni msimamizi barua siku hiyo hiyo, mkiambatanisha picha ambayo rula inasomeka.