Ukitengeneza methaili oranji, anza na barafu

Tangu kidato cha nne nilikuwa nadondoshea MO (methaili oranji, rangi inayoonyesha kama kitu ni asidi au besi) kwenye flaski ya titresheni bila kujiuliza inatoka wapi. Mwaka wa pili chuoni, maabara ya kemia ogania, nikaambiwa niitengeneze mwenyewe. Mara ya kwanza niliambulia uji wa kahawia ambao hata ukiutia asidi haubadiliki rangi.

Kosa lilikuwa barafu. Niliweka mabonge matatu kwenye beseni, nikaona yanatosha. Nilipomimina sodiamu nitraiti, mapovu yakaanza kupanda, nikafurahi nikidhani mambo yanakwenda. Kumbe ile ilikuwa naitrojeni inakimbia, naitrojeni ileile inayotakiwa kubaki katikati ya molekuli na kuipa rangi. Kutazama themometa: nyuzi 12. Kazi hii inataka kati ya 0 na 5.

Kwa hiyo ponda barafu mpaka iwe chenga, changanya na chumvi ya kawaida, jaza beseni mpaka bika izame nusu. Weka nyingine akiba kabla hujagusa kemikali yoyote. Bonge kubwa linagusa bika sehemu chache tu, ndiyo maana halipoozi vizuri.

Asidi ya sulfaniliki, ambayo ndiyo malighafi ya kuanzia, ni kaidi kwenye maji baridi. Iyeyushe kwanza kwenye maji moto yenye sodiamu kaboneti, iache ipoe kabisa, ndipo uongeze nitraiti. Mchanganyiko huo umimine kidogo kidogo kwenye asidi hidrokloriki yenye barafu huku ukikoroga. Utaona unga mweupe unatua chini. Hiyo ndiyo chumvi ya diazoniamu, yaani ile iliyobeba naitrojeni yetu, jamii aliyoigundua mkemia Peter Griess mwaka 1858. Usiichuje ukaianika. Chumvi za aina hii zikikauka zinaweza kulipuka, kwa hiyo itumie hapohapo ikiwa na maji yake na baridi yake.

Dimethailianilini inayofuata, kimiminika kinachoungana na chumvi hiyo kutoa rangi, ina sumu na inapenya kwenye ngozi. Vaa glavu, fanyia ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, na glavu ikichafuka ibadilishe palepale. Nawaomba sana wadogo zangu mnaoharakisha mkiona saa zinakwisha: hapa msiharakishe.

Ukishaichanganya na ile chumvi, wekundu unatokea na mchanganyiko unakuwa mzito. Ongeza sodiamu haidroksaidi taratibu mpaka ugeuke rangi ya chungwa, upashe moto uyeyuke, kisha uache upoe wenyewe bila kuusumbua. Ukipoozwa ghafla fuwele zinakuwa vumbi na kuchuja kunachukua mchana mzima.

Nilirudia wiki iliyofuata nikiwa na ndoo nzima ya barafu. Punje moja ya fuwele, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, niliiyeyusha kwenye maji nikagawa testi tyubu mbili. Tone la asidi huku, nyekundu. Tone la besi kule, njano. Nikaongeza besi kwenye ile nyekundu, tone kwa tone, na pH ilipovuka kati ya 3.1 na 4.4 nikaiona ikipita kwenye rangi ya chungwa mpaka ikawa njano kama mwenzake.