Re: Wahusika wadogo wa tamthilia wanapotelea wapi?

Shoga angu umeuliza kwa nini yule mama muuza duka kapotea kwenye tamthilia bila hata kuagwa. Mie nimekulia Michenzani, jioni tukijazana kwa jirani kuangalia Isidingo, ile tamthilia ya Afrika Kusini, basi nakwambia ndo zao hizi tamthilia zinazokwenda miaka na miaka. Mhusika mdogo kazi yake ya mwanzo ni masikio, yaani staa apate mtu wa kumwambia siri yake na sie tuisikie, mkataba wake mfupi, ukiisha na waandishi hawajamtafutia kisa tunaambiwa kasafiri, au hatuambiwi kitu kabisa, na hilo mie linaniuma kwa sababu mtazamaji keshamzoea.

Lakini wengine huja wageni wakageuka wenye nyumba. Mtizame Dot Cotton wa tamthilia ya EastEnders ya Uingereza, mwigizaji wake June Brown aliingia 1985 kwa miezi mitatu tu, akaja kuonekana mpaka 2020 (katikati alipumzika miaka kadhaa), na 2008 wakampa episodi nzima peke yake, kakaa na kinasa sauti anamrikodia mumewe maneno, hamna mtu mwengine, na watu wakakaa kimya wakamsikiliza.

Na pengine si hadithi, ni pesa. Tamthilia ya Generations ya Afrika Kusini, 2014 waigizaji waligoma kwa maslahi, wakafukuzwa 16 kwa mpigo, mastaa wakiwemo, seuze huyo wa dukani.

Huyo mama wako lakini hawajamuua, kwa hiyo mie bado namsubiri.