Barua kwa mwanangu kuhusu mshahara wa mwezi na ovataimu

Buruburu, Nairobi

Mwanangu Mwende,

Umeniuliza iwapo ni kweli, kama alivyokwambia meneja wako, kwamba anayelipwa kwa mwezi hana haki ya ovataimu. Si kweli, na inaniuma kwamba umeamini hivyo tangu uajiriwe.

Agizo la Jumla la Mishahara la mwaka 1982 linaweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52 katika siku sita. Saa zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu, na siku ya mapumziko au sikukuu ya umma hulipwa mara mbili. Mkataba wako ukitaja saa 45, shika hizo 45, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya 2007 inauruhusu mkataba kumpa mfanyakazi nafuu zaidi, wala si kumpunguzia. Tena agizo hilo linaeleza jinsi ya kupata kiwango cha saa kutokana na mshahara wa mwezi, yaani kugawanya kwa 225. Kama lisingemhusu wa mwezi, hesabu hiyo ingewekwa ya nini?

Mshahara wako wa msingi ni shilingi 45,000, kwa hiyo saa yako moja ni 200, ya ziada 300, na ya Jumapili 400. Jumanne ile uliyoingia hapa umevua viatu mlangoni kwa uchovu, ulikuwa umetoka kazini saa tatu usiku badala ya saa kumi na moja jioni. Ikiwa saa zako za wiki hiyo zilitimia, jioni hiyo peke yake ni shilingi 1,200.

Shida iko kwenye ushahidi. Nilipokuwa karani wa ghala katika kiwanda kimoja hapa mjini, nilidai ovataimu ya miaka miwili, na afisa wa leba akaniuliza tarehe na saa. Sikuwa nimeandika hata moja, na dai likafia pale mezani. Kwa hiyo anza leo: daftari dogo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na aliyekuagiza ubaki. Hifadhi pia jumbe zake za simu. Usikawie, kwani dai la ajira lina ukomo wa miaka mitatu, na usiogope, maana kulalamika si sababu halali ya kufutwa kazi.

Jumapili njoo na mkataba wako tuusome pamoja, hasa sehemu ya saa za kazi, kabla hujamwandikia meneja neno lolote.

Baba yako